Aliyekaa Kimya kwenye Laini ya Saba

Mmoja wenu kaniandikia juzi, kwa adabu zote, hata shikamoo kaitia: "Bi Raya, soketi zangu nizifanye za kungoja au zisizongoja?" Nikacheka peke yangu mpaka jirani akaja kunichungulia dirishani. Miaka yote niliyokaa kwenye kazi ile hakuna suala jengine lililonikosesha raha kama hilo, na yeye ananiuliza kama mtu anayeuliza chai atie tangawizi au iliki. Haya, mwanangu, kaa kitako. Sitakujibu kwa mkato.

Kwa wale ambao bado wageni: soketi ni mlango. Programu moja, seva, inakaa ndani, na nyengine zinakuja kutoka mbali kupiga hodi. Ukichagua njia ya kungoja, ambayo vitabu vyenu vinaiita sinkronasi, seva inamfungulia mmoja, inakaa naye uso kwa uso, na haimtazami mwengine mpaka huyu amalize haja yake. Ukichagua isiyongoja, asinkronasi, seva inamwambia kila anayeingia, "Karibu, kaa pale, ukiwa na la kusema nishtue," kisha inaendelea na shughuli zake. Basi. Mengine yote ni mapambo.

Mie nilikuwa mtu wa kungoja, nasema wazi. Nimelelewa hivyo nyumbani kwetu Wete: mtu mzima akizungumza, unamsikiliza mpaka afike mwisho wa neno lake. Na programu ya kungoja ni safi, unaisoma kutoka juu mpaka chini kama barua. Kosa likitokea unaliona limekaa pale pale. Msiidharau. Kama mashine zako ni mbili tu na zinaaminiana, kungoja kunatosha, wallahi. Nimeona vijana wanaandika isiyongoja ili waonekane mafundi, halafu wiki nzima wanatafuta jibu limepotelea wapi.

Aliyenifunza kazi hakuwa mtu wa kompyuta hata kidogo. Mzee Shaali alikuwa opereta wa simu ya upepo tangu enzi za redio kubwa kama makabati, mkali, mchokozi, haishi kikohozi. Kompyuta zilipokuja akapewa kazi ya kusimamia antena zetu, na mie akanichukua kama mwanawe wa kumgombeza. Nilipomwonesha seva yangu ya kwanza alitazama kioo cha kompyuta, akauliza, "Mgeni akiingia, akakaa, asiseme kitu?"

"Atasema, Mzee."

"Na asiposema?"

"Kaja kufanya nini basi?"

Akakohoa, akanitazama kwa huruma. "Raya, mie nimesikiliza upepo miaka thalathini. Mdomo wa redio ukifunguliwa na mtu hasemi, unasikia pumzi yake. Hicho ndicho kitu kibaya kuliko vyote katika kazi hii. Bora apige kelele."

Nikamwona mzee kachoka.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Ulikuja mradi wa kuunganisha vituo vya afya vya vijijini na hospitali. Kila kituo kompyuta moja, betri, sahani ya jua na antena. Seva ikakaa Chake Chake, chumba cha nyuma cha ofisi yetu, na mie ndiye mwenye ufunguo. Kituo kikitaka damu au boti ya wagonjwa, nesi anaandika, anatuma, maneno yanapita kwenye seva yangu yanakwenda hospitali, jibu linarudi. Wakati anangoja, na hata kabla hajaandika kitu, kioo chake kinaandika "Tafadhali subiri jibu." Maneno hayo niliyaandika mie kwa mkono wangu. Na agizo tuliloliandika sie wa mradi lilisema: mgonjwa anayevuja damu asipakiwe kwenye chombo chochote, ingojwe boti ya hospitali yenye damu na daktari. Agizo la busara kabisa, kama jibu linakuja.

Nilijaribu kuweka kikomo, msije mkaniona mjinga. Dakika moja, asiyesema anatolewa. Mvua ya masika ikaja, redio zikawa nzito, vituo vizuri vikawa vinakatwa katikati ya sentensi. Nesi mmoja wa Tumbe akanitukania ukoo wangu wote, na haki alikuwa nayo. Nikakitoa kikomo. Kumbukeni hilo: kikomo kifupi kinamkata mkweli, kikomo kirefu kinamfuga bubu.

Sasa niwaambie na jambo la nyumbani, maana bila hilo hamtaelewa kitu.

Miaka ile ya mwanzo ya vyama vingi, nyie mliozaliwa baadae hamtaamini. Watu wa mtaa mmoja wakasusiana duka, wakasusiana kisima, wakasusiana harusi, na audhubillahi, hata maziko. Mie na mdogo wangu Sharifa tumetoka tumbo moja, tumelala kitanda kimoja mpaka nilipoolewa. Yeye akaolewa kisiwani Makoongwe, kwa watu wa bendera ile. Mie mume wangu na baba yangu wa bendera hii. Siku moja barazani tukatamkiana maneno ambayo sitayaandika. Tangu siku hiyo hatukusalimiana. Mwaka ukaisha, wa pili ukaingia. Mama akinisihi namjibu, "Aanze yeye." Akimsihi yeye, naye yale yale, "Aanze yeye, yeye mkubwa."

Nikasikia kwa watu ana mimba. Uzazi wake wa kwanza alivuja damu nusura tumzike. Nilijua hilo, nilikuwepo, nilimshika mkono. Nikajiambia, akinipa salamu tu, siku hiyo hiyo navuka kwenda kukaa naye. Hiyo ndiyo roho niliyokuwa nayo, na sijisifu.

Katika hali hiyo ndipo laini ya saba ilipofunguka.

Kila kituo kilikuwa na namba. Saba kilikuwa kituo kidogo nyuma ya msitu wa Ngezi, huko mbele kabisa upande wa Makangale. Nesi wake alisusiwa kwa ajili ya chama chake, watu wakakataa hata kupimwa homa na mkono wake, akafunga virago akaondoka. Kituo kikafungwa. Mie mwenyewe nilikifuta kwenye orodha ya ukutani. Basi asubuhi moja, saa nne, jua linawaka, seva ikaandika kwenye kioo: *Saba ameingia.*

Nikangoja neno. Hapana. Nikangoja. Taa ya redio ya kijani imewaka, laini iko wazi, na upande wa pili kimya. Vituo vyote vikajipanga nyuma yake. Nikaiua programu nikaiwasha upya, na kabla sijaondoa kidole: *Saba ameingia.* Nikawa naiua na kuiwasha, kituo chengine kikipata mwanya kinapenya. Mpaka karibu na adhuhuri, kisha Saba akatoka mwenyewe. Kesho yake saa nne, yuleyule. Kesho kutwa, yuleyule. Ijumaa haji. Ikawa hivyo wiki tatu.

Mzee Shaali akachomeka visikilizio kwenye redio, akafumba macho. Nilimwona rangi inamtoka. "Hewa tupu," akasema, akavivua. Sikumwamini. Bi Bikombo, aliyekuwa akifagia ofisi, akaacha kuingia chumba cha seva. Anafagia mpaka kizingitini akisoma Ayatul Kursi, hapo anageuka. Nikamcheka. Lakini na mie, nisiseme uongo, ikifika saa nne kasoro nilikuwa nahamisha kiti changu mgongo ukutani.

Mzee Shaali akanambia, "Andika upya. Mwache akae kimya chake, wengine wapite."

"Siandiki upya seva nzima kwa ajili ya jini la Ngezi!" Ndivyo nilivyomjibu, kwa kiburi. "Nakwenda kumtoa mwenyewe."

Jumatatu tukaondoka mapema na gari ya ofisi, mie, Mzee Shaali na dereva, ili saa nne itukute karibu. Ofisini hakubaki mtu wa kuiua na kuiwasha seva. Nilijua hilo. Nikasema vituo vitangoja kidogo, si mara ya kwanza.

Kuingia Ngezi mchana wa jua ni kama kuingia ghalani. Miti imefungana juu, popo wamening'inia, hewa ya baridi inakugusa shingoni. Dereva akataka kuniuliza njia, akaanza, "Bi Ra..." Mzee Shaali akamziba mdomo kwa kiganja. "Huku watu hawatajwi majina ovyo," akasema. Hakuna aliyecheka.

Kituo tukakikuta kimefungwa mlango, dirisha wazi. Nikapiga hodi. Kimya. Nikachungulia: ndani kuna mtu. Mzee, kanzu nyeupe imepigwa pasi, kofia, kakaa kwenye benchi la wagonjwa wima, mikono magotini, anaitazama kompyuta. Hageuki. Nikapiga hodi ya pili. Hata kope hakupepesa. Mzee Shaali akanisukuma, akapiga ya tatu.

"Karibuni," akasema yule mzee, akageuka akitabasamu. "Mmetimiza tatu. Nyie watu."

Alikuwa Mzee Faki, mlinzi wa kituo. Nesi alipoondoka alimwachia ufunguo na agizo: kila asubuhi washa mashine, kaa, kuna mtu Chake atakuuliza hali ya hapa.

"Basi nawasha," akasema. "Nakoga, navaa, nakaa. Hajanambia kitu hata siku moja. Mtu wa Chake huyo kanuna?"

"Mzee wangu, wewe ndiye wa kuanza. Yeye anakungoja wewe."

Akanitazama kama niliyetukana. "Mie nimwanze nsiyemwona? Hasha! Huku kwetu, mwanangu, kitu hukioni hukisemeshi. Kingoje kikuite jina. Kikikuita mara moja, nyamaza. Mara mbili, nyamaza. Kisichokuwa mtu hakifiki tatu. Cha tatu ndo mtu, muitikie."

"Na angekuita mara tatu, ungemwambia nini?"

"Ningemwambia huku salama. Hakuna mgonjwa."

Wiki tatu, jamani. Wiki tatu visiwa na vijiji vimekwama nyuma ya mtu aliyekuja kusema huku salama.

Hapo ingenitosha kunyoosha mkono nikaizima ile mashine. Hatua mbili tu. Sikuizima. Mzee Faki akatuletea kahawa na halua, na mie nikakaa kwenye lile benchi kuitazama seva yangu kwa upande wa pili, sijawahi kuiona kutoka huko. Kijistari kinawaka na kuzimika. *Tafadhali subiri jibu.* Kadiri nilivyokitazama ndivyo nilivyohisi kuna mtu kakaa kwenye kiti changu Chake, kwenye chumba kilichofungwa, ufunguo ninao mfukoni, ananitazama naye, anangoja mie nianze. Nikabaki pale pale, kikombe mkononi. Karibu muda wa saa mbili. Naliandika hili kwa aibu, maana hakuna aliyenilazimisha. Mzee Faki akaizima mwenyewe ilipoadhiniwa adhuhuri.

Tukarudi Chake alasiri. Bi Bikombo alinipokea uani, kashika fagio kifuani.

"Raya, nani ulimfungia chumbani?"

"Hakuna mtu."

"Kuna mwanamke katoa salamu mle ndani. Kabla ya adhana. Sauti ndogo, ya mtu mgonjwa. Nikanyamaza. Katoa tena. Nikanyamaza."

"Feni hiyo, Bi Bikombo."

"Katoa ya tatu," akasema. "Feni ina adabu hiyo?"

Ami yangu alikuwa kasimama mlangoni pa ofisi, kilemba mkononi, na mie nikajua kabla hajafungua mdomo, maana ami havui kilemba barabarani. "Sharifa katutoka," akasema. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Kajifungua salama alfajiri. Saa nne damu zikaanza. Nesi Mize wa kituo cha kisiwani, binti hodari, akafanya kila alilofunzwa: akatuma ombi, akangoja. Kioo kikamwambia subiri, akasubiri. Simu za mkononi wakati ule zilikuwa za wachache, na pale hapakuwa na hata mmoja mwenye nayo. Saa sita akaona liwalo na liwe, akaizima mashine kuhifadhi betri, wakampakia kwenye mashua kwenda hospitali ya Mkoani. Alikata roho kabla hawajafika gatini. Mzee Faki aliizima laini ya saba nusu saa baada ya wao kuondoka. Nusu saa.

Nikavuka kwenda matangani. Wanawake wa bendera ile walinipisha, hakuna aliyenitupia neno, na hilo liliniuma kuliko matusi. Mtoto nikawekewa mapajani, msichana, mzima. Yupo mpaka leo, alhamdulillahi, na ulimi wake ni wa mama yake mtupu.

Siku ya nne nikarudi kazini nikafunga mlango. Nikaandika isiyongoja. Mzee Shaali alikaa nje ya kizingiti akinipa kahawa, na siku zile hakunigombeza hata mara moja. Ningependelea anigombeze.

Mambo niliyojifunza, yachukueni, yamelipiwa. Kila anayeingia mpe daftari lake, andika humo kaishia wapi, maana hutakuwa umekaa naye kumkumbuka. Maneno yanakuja vipande vipande. Usimjibu mtu nusu ya sentensi. Kazi ndefu usiifanye mkono wako ukiwa umeshika mlango, ikabidhi nyuma. Mie majaribio ya kwanza nilichanganya madaftari: kituo kimoja kimeomba dawa ya kuharisha kikajibiwa "Godoro limeshatumwa." Nesi akaniuliza kama nimemkusudia vibaya. Na kubwa zaidi, mjue kwamba kwa njia hii majibu hayafuati mstari. Jambo la jana linaweza kukujia baada ya la leo, na lazima uwe tayari kulipokea.

Niliiwasha seva mpya Jumatatu iliyofuata, asubuhi. Saa nne: *Saba ameingia.* Mzee Faki hakuna aliyemkataza. Kimya, kama kawaida yake. Na nyuma yake Tumbe wakaingia wakahudumiwa, Konde wakahudumiwa, Kengeja wakahudumiwa, yeye kakaa zake pembeni hadhuru mtu. Mzee Shaali akachungulia akanigonga bega.

Kisha ikaandika: *Kumi na moja ameingia.* Kumi na moja ni kisiwani. Nesi Mize alikuwa kaiwasha mashine yake kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Programu ya upande wa kituo niliipa tabia moja nikajisifu nayo: neno lililoandikwa halipotei. Likikosa njia linalala kwenye mashine, na laini ikifunguka tu, linakwenda. Sikulikumbuka hilo mpaka mistari ilipoanza kushuka kwenye kioo, kila mmoja na saa yake, za Jumatatu iliyopita.

Saa nne na dakika ishirini: *Mzazi anavuja damu. Kundi O. Naomba boti haraka.*

Saa tano na robo: *Bado nasubiri. Hali mbaya. Jibuni.*

Saa sita kasorobo: *Mgonjwa anauliza kama dada yake Raya yupo hapo. Anasema mpeni salamu. Anasema yeye keshaanza.*

Mzee Shaali alisoma begani kwangu, akatoka bila kukohoa. Chini ya ule mstari programu ilikuwa imefungua nafasi ya jibu, kijistari kinawaka na kuzimika. Kuanza salamu ni hiari, lakini kuijibu ni wajibu, mmefunzwa nyote chuo cha Kurani. Nikaandika, *Waalaykumu ssalaam, Sharifa,* nikatuma, na seva yangu mpya, isiyomngoja mtu, ikaenda kwa mwengine.